Msimbo uliokufa kwenye mfumo wa kazi: mnaufuta lini?

#1 FundiTudor

Salaam wakuu. Naomba ushauri.

Nina miezi mitano kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa hapa Mombasa, jina nitaliacha. Mfumo wao wa kutoza wateja uliandikwa kwa PHP, lugha ya programu, mwaka 2014. Umepita mikononi mwa mafundi wanne, mimi ni wa tano. Wiki iliyopita niliketi nikahesabu: mistari ya msimbo (code) kama 46,000, na katika hiyo karibu 11,000 sioni inapoitwa, yaani sioni sehemu ya programu inayoitumia. Kuna faili tatu za ripoti zenye jina moja. Ya mwisho imeongezwa "_mpya", na hiyo "_mpya" ni mojawapo ya mbili zisizotumika.

Moja ndiyo inayoninyima usingizi. Ni fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) iitwayo hesabu_mshiriki(), mistari 212, na juu yake pameandikwa hivi:

// USIGUSE. Muulize Ami kwanza. 14/3/2017

Hakuna mtu ofisini anayemjua huyo Ami. Bosi yuwaniambia kitu kisichokuuma usikichokoe. Lakini kila nikigusa ada ya kuhifadhi kontena nalazimika kuisoma yote upya nisije nikaivunja, na wala sijui kama i hai.

Nyinyi mnajuaje kwamba msimbo umekufa? Na mkishajua, mnaufuta siku hiyo hiyo au mnangoja? Mnangoja nini hasa?

#2 MwanaKisauni

Futa leo. Git ipo tangu 2005 na kazi yake ndiyo hiyo, kukuwekea ulichokifuta. Ukiuhitaji mwakani unaandika `git log -S hesabu_mshiriki` na inakuonyesha siku ulipoingia na siku ulipotoka. Msimbo usioitwa ni mzigo kwa msomaji. Wewe mwenyewe umesema unausoma kila mara. Hizo saa nani anazilipa?

#3 NahodhaWaSeva

Mimi napinga. Miaka kumi na mbili kwenye kazi hii, sijawahi kuitwa usiku kwa sababu ya msimbo uliolala. Nimeitwa mara nyingi kwa sababu ya kijana aliyekuja "kusafisha". Mfumo unatoza, wateja wanalipa, meli zinashusha. Bosi wako ana haki.

#4 MwanaKisauni

@NahodhaWaSeva wewe hata chaja ya Nokia ya pini nyembamba hujaitupa, tunakujua.

#5 NahodhaWaSeva

Ninazo mbili, na mwezi uliopita jirani alikuja kuomba moja.

#6 BiHesabu

FundiTudor, kwanza naomba tuendelee na neno "msimbo" kama ulivyoanza, maana mimi nikisema "kodi" nina maana ya KRA, mamlaka ya mapato, si code, na kisa changu kina zote mbili.

Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Kwenye mfumo tuliokuwa nao mtu alikuwa ameandika sharti: kama tarehe iko kati ya hizi mbili, tumia 14. Januari ilipofika, kijana wetu akasema sharti lile limekufa, hakuna ankara itakayotoka tena kwa 14. Akalifuta. Machi akaja mteja kurudisha bidhaa alizonunua Desemba, za shilingi 380,000 kabla ya kodi. Alitozwa 53,200. Mfumo ukamrudishia 60,800. Tofauti ya 7,600 kwa ankara moja, na hatukuigundua mpaka wakati wa kuandaa ritani ya tarehe 20.

Kwa hiyo "hakuna anayeuita leo" si sawa na "hakuna atakayeuita". Na kumbukumbu za kodi kisheria unaziweka miaka mitano. Siku ukitakiwa kuitoa upya ankara ya Julai 2020, itoke ilivyokuwa.

#7 MwanaKisauni

Pole kwa hilo, dada, lakini kosa lenu lilianza kabla ya kufuta. Kiwango cha kodi ni data. Kilitakiwa kikae kwenye jedwali: kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Ankara inajitafutia kiwango chake kwa tarehe ya mauzo, na hapo halibaki sharti la kufa wala la kufufuka.

#8 BiHesabu

Hilo nakubali, na ndivyo tulivyofanya baadaye. Lakini Fundi hakurithi mfumo uliotengenezwa hivyo. Amerithi wa kwake.

#9 KijanaBamburi

Mimi bado mwanafunzi, mnisamehe. Nilisoma kuna benki moja ya Marekani ilipoteza mabilioni ya dola kwa siku moja kwa sababu ya msimbo mfu. Ni kweli?

#10 MaalimMvita

Kijana, umekaribia. Haikuwa benki, ilikuwa kampuni ya udalali wa hisa, Knight Capital. Na si mabilioni wala siku nzima. Ilikuwa tarehe 1 Agosti 2012, kama dakika 45. Kampuni yenyewe ilitangaza hasara ya dola milioni 440. Mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani, SEC, alipotoa uamuzi wake 2013 akaandika zaidi ya milioni 460, pamoja na faini ya milioni 12.

Kisa chenyewe kinafaa kukisoma polepole. Walikuwa na kipande kilichoitwa Power Peg, kiliachwa kutumika 2003. Hawakukiondoa. 2005 wakahamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa ngapi zimeshanunuliwa, ile iliyokuwa ikikiambia "basi, inatosha", na hawakukijaribu tena. 2012 wakaandika kipengele kipya, na kukiwasha wakatumia swichi ile ile ya zamani ya Power Peg. Seva zilikuwa nane. Fundi akaweka msimbo mpya kwenye saba, ya nane ikasahaulika. Soko lilipofunguliwa, ile ya nane ikaona swichi imewashwa, ikaamka na kazi ya miaka tisa iliyopita, bila breki. Walipohangaika kuzima moto wakaondoa msimbo mpya kwenye zile saba, na hapo mfu akafufuka kwenye zote nane.

Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni nne.

#11 NahodhaWaSeva

Maalim, kwa heshima yote, kilichoua pale ni swichi kutumika mara mbili na seva moja kusahaulika. Msimbo ulilala miaka tisa bila kumdhuru mtu. Ungelala hata ishirini lau wasingeigusa swichi.

#12 MwanaKisauni

Lau wangeufuta 2003, ile seva ya nane isingekuwa na cha kuamsha. Ingetoa hitilafu, ikanyamaza.

#13 NahodhaWaSeva

Na lau wangeufuta vibaya 2003 huenda leo tungekuwa tunasimulia kisa kingine.

#14 FundiTudor

Shukrani nyote. @MwanaKisauni tatizo la Git kwangu: repo, yaani hifadhi ya msimbo ndani ya Git, imeanza 2019. Kabla ya hapo ni folda tu, nyingine ziko kwenye kompyuta iliyokufa. Nimejaribu `git log -S`, imenipa mstari mmoja: "kuingiza mfumo wote". Yaani kwa Git, hesabu_mshiriki ilizaliwa siku moja na kila kitu kingine.

Na jambo la pili, nimeligundua leo asubuhi. Niliposema sioni inapoitwa, nilikuwa nimetafuta jina lake kwenye faili zote. Lakini ndani ya ankara.php kuna hii:

`$jina = 'hesabu_' . $aina;`
`$jina($mzigo);`

Na hiyo $aina inatoka kwenye hifadhidata.

#15 MaalimMvita

Ndiyo sababu kutafuta jina hakutoshi kwa lugha kama PHP. Jina linaungwa wakati programu inatembea, na hakuna chombo cha kusoma faili kitakachoapa kwamba fanksheni haiitwi. Angalia jedwali la aina: je, "mshiriki" imo? Na ankara ya mwisho yenye aina hiyo ni ya lini?

#16 NyaliMobile

Sisi wa Android tuna tatizo hilo kwa upande mwingine. R8, chombo chetu cha kupunguza programu, inakata yenyewe msimbo usiofikiwa wakati wa kutengeneza programu, ili isiwe nzito kwenye simu ya mteja. Ukiwa na kitu kinachoitwa kwa jina lililoungwa hivyo, inakikata pia, na programu inaanguka kwenye simu wakati kwako ilikuwa inafanya kazi. Unalazimika kuandika kanuni ya kuiambia "hiki kiache". Halafu zile kanuni zenyewe hakuna anayezifuta! Tuna moja inalinda darasa la msimbo (class) ambalo halipo tena tangu nijiunge.

Ila R8 inamwondolea mteja uzito tu. Macho yangu mimi bado yanausoma.

#17 FundiTudor

@MaalimMvita imo. Ankara ya mwisho ya "mshiriki" ni ya miaka minne iliyopita.

#18 MwanaKisauni

Miaka minne! Zika.

#19 MzeeLikoni

Vijana, taratibu. Ndugu yangu Fundi, usifute wala usiache. Weka shahidi. Ndani ya fanksheni, mstari wa kwanza, andika kwenye logi, daftari la matukio ya programu: saa, nani ameita, ankara ipi. Mstari mmoja tu. Halafu ngoja. Ikiitwa utajua. Isipoitwa utakuwa na ushahidi wa kumpelekea bosi.

#20 KijanaBamburi

Ungoje muda gani, mzee? Siku 30?

#21 MzeeLikoni

Hapo ndipo nilipoumia, na ndilo lililonifanya nijibu uzi huu.

Nilikuwa natunza mfumo wa mauzo wa mkahawa mkubwa. Nikaweka logi kama nilivyosema, nikangoja siku 90, nikaona nimefanya kwa uangalifu mno. Vipande sita havikuitwa, nikavifuta vyote. Kimojawapo kilikuwa kinapanga menyu kwa saa ya Magharibi: kinabana vyakula vya mchana, kinafungua uji, tambi, kaimati, vitumbua, bei ya sinia ya watu wanne. Menyu ya futari. Miezi kumi na moja haina kazi.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, adhana imekwisha, watu wameshafungua kwa tende na maji, mhudumu anabonyeza FUTARI na kioo kinabaki cheupe. Meza arubaini. Walirudi kuandika kwa kalamu mpaka Isha. Mwenye mkahawa hakunikaripia hata neno, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo nasema: hesabu muda wa kungoja kwa kalenda ya biashara yenyewe. Mshahara ni mwezi. VAT ni mwezi. Ritani ya mwaka ni Juni. Hoteli ni Desemba na Pasaka. Ramadhani ni mwaka, na si mwaka wa kalenda ya ukutani, inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka.

#22 NyaliMobile

Hapo pa siku 11 kila anayeandika mfumo wa mikahawa hapa kwetu aandike pembeni: 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwenye kuweka "tarehe ya Ramadhani ya mwaka" kwenye safu moja atapata tabu.

#23 KijanaBamburi

Na mwezi ukigombaniwa je? Mji huu nusu wanafunga leo nusu kesho.

#24 BiHesabu

Weka kitufe, mwenye duka awashe mwenyewe. Usiiachie kompyuta kuandama mwezi. Turudi kwenye mada.

#25 NyaliMobile

Nikirudi: kuna upande wa usalama ambao hatujaugusa. Baada ya Heartbleed, lile tundu la usalama la Aprili 2014, watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD waliichukua OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano iliyokuwa na tundu hilo, wakatengeneza LibreSSL, na wiki ya kwanza tu wakaondoa mistari zaidi ya 90,000 ya C. Msimbo ambao hakuna anayeutazama ndimo mdudu anamojificha. Usiposomwa haukaguliwi, na usipokaguliwa mvamizi anakuwa wa kwanza kuusoma.

#26 MaalimMvita

Mfano mzuri, ila uongeze maelezo: sehemu kubwa ya walichokiondoa haikuwa imekufa. Ilikuwa ni ya kuisaidia mifumo ya zamani, VMS na mengineyo. Kwao OpenBSD ilikuwa imekufa. Kwa mwenye VMS ilikuwa riziki yake. Linux nayo iliondoa uwezo wa kutembea kwenye chipu ya zamani ya 386 kwenye toleo la 3.8, mapema 2013, na 386 ndiyo iliyokuwa kwenye kompyuta ya Torvalds, mwanzilishi wake, alipoanza 1991. Hapakuwa na swali kama msimbo ule unafanya kazi. Swali lilikuwa nani anaendelea kulipa gharama ya kuutunza, na kwa ajili ya nani.

Basi tutenganishe, maana uzi huu unavichanganya. Kuna msimbo usioweza kufikiwa kabisa, uliokaa baada ya `return`, amri ya kutoka kwenye fanksheni. Kuna uliofungwa kwa alama za maelezo ili usitembee. Kuna unaofikiwa ila hakuna anayeuita. Na kuna unaotembea kila siku bila faida yoyote. Huo wa mwisho ndio ulioiangusha Ariane 5 tarehe 4 Juni 1996: hesabu ya kusawazisha vifaa iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambayo roketi mpya ikishanyanyuka haikuwa na haja nayo, ikaendelea kutembea, namba ikazidi nafasi ya biti 16, yaani 32,767, na roketi ikapotea kabla ya dakika moja.

#27 NahodhaWaSeva

Hiyo iliyokaa baada ya `return` na iliyofungwa kwa alama, futeni, hapo sina ugomvi na mtu.

#28 MwanaKisauni

Uzi umezaa matunda, Nahodha ametupa chaja moja.

#29 BiHesabu

Nina kisa cha pili na hiki sijui kinamsaidia nani.

Tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwenye mshahara, ilianza Julai 2023. Kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuiachia iendelee. Mwezi wa Februari nikaifuta kwenye programu ya mishahara. Sikuifunga kwa alama, niliifuta kabisa, maana nilishajifunza kutoacha uchafu. Tarehe 19 Machi sheria mpya ikatiwa saini, tozo ikarudi.

#30 MwanaKisauni

Na kuirudisha ilikuchukua muda gani?

#31 BiHesabu

Dakika kumi. `git revert`, amri ya kutangua badiliko.

#32 MwanaKisauni

Basi kisa chako kinanisaidia mimi.

#33 BiHesabu

Kinakusaidia kwa sababu siku ile nilifuta tozo peke yake, komiti moja (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git), na nikaandika sababu na tarehe ya uamuzi. Makato ya bima ya afya ya NHIF yalipoondoka Oktoba 2024 ikaingia SHIF ya asilimia 2.75, mwenzangu aliondoa yale madaraja ya zamani ndani ya komiti moja na mabadiliko ya sura ya payslipu na mambo mengine manane. Tulipotakiwa kutoa upya payslipu za Agosti, ilituchukua siku mbili kuchambua kipi ni kipi. Git ni ile ile.

#34 MzeeLikoni

Na wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ukifuta fanksheni, ondoa na majaribio yake, na kitufe chake kwenye skrini, na maktaba iliyokuwa ikitumiwa nayo peke yake, na safu yake kwenye hifadhidata. Wengi wanamtupa jongoo tu.

#35 NahodhaWaSeva

Safu ya hifadhidata uiache, mzee. Msimbo unarudi na Git. Data ya mteja hairudi.

#36 MzeeLikoni

Kwa safu nakubali uwe wa mwisho, na bakapu kwanza. Lakini kuiacha milele, hapana.

#37 FundiTudor

Wakuu, nimerudi na habari. Nimempata Ami.

Mlinzi wetu wa langoni ndiye anayemjua. Alikuwa karani wa hesabu, amestaafu, anakaa Majengo. Jumamosi baada ya Alasiri nilimwendea na kilo ya tende na msimbo nimeuchapisha kwenye karatasi. Hajui PHP, lakini nilipomsomea zile hesabu alinikatiza mstari wa tatu akasema, "Hii ni ya kontena la tende."

Kumbe hivi: wafanyabiashara wanne walikuwa wakileta tende kwa pamoja, kontena moja la futi 40, kila mwaka kabla ya Ramadhani. Ada za bandari zinakuja kwa kontena zima, na wao wanagawana kwa idadi ya katoni, isipokuwa ada ya kuchelewa, hiyo analipa yule aliyechelewesha karatasi zake. Hesabu ile ilikuwa ikizua ugomvi kila mwaka, ndipo fundi wa wakati ule akaketi na Ami siku nzima wakaiandika. Ile mistari 212 ni mapatano ya watu wanne.

Nikamuuliza kama bado wanaagiza. Alinyamaza kidogo. Wawili wameshafariki. Mmoja amehamia Dubai. Wa nne bado ana duka Marikiti, na mwanawe amesema mwaka huu anataka kuanza tena na shemeji zake.

#38 BiHesabu

Allah awarehemu. Hii ndiyo sababu mimi nasema muulizeni mtu kabla ya kuiuliza logi.

#39 MwanaKisauni

Ameen. Na bado nauliza: "anataka kuanza tena" ni sababu ya kubeba mistari 212? Mapatano yaandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, uyaweke penye kuonekana, msimbo ufute. Akirudi utauandika upya, na vizuri zaidi.

#40 MaalimMvita

Au uache msimbo na ubadilishe maelezo ya juu. "Usiguse" haimfundishi mtu kitu. Andika ni ya nini, ya nani, na tarehe ya kuitazama tena.

#41 NahodhaWaSeva

Kuandika upya mapatano ambayo wawili waliopatana hawapo tena? Nani atathibitisha kama umeyaandika sawa?

#42 FundiTudor

Hapa nilipofika: zile ripoti mbili zisizotumika nimezifuta jana, kila moja komiti yake, sababu nimeandika. Msimbo uliofungwa kwa alama za maelezo wote umetoka, mistari 3,900, na hakuna aliyelalamika. hesabu_mshiriki nimeiwekea shahidi kama alivyosema MzeeLikoni, na maelezo mapya kama alivyosema Maalim, na jina la duka la Marikiti. Shaaban iko miezi mitatu mbele.

Swali limebaki moja. Kwenye jedwali la wateja kuna safu "sehemu_ya_katoni". Inatumiwa na fanksheni hii tu. Wateja wanne wana namba, waliobaki 1,300 na ushei ni tupu. Bosi anataka tuhamie hifadhidata mpya mwisho wa mwezi, kabla ya Shaaban. Niihamishe?

#43 NahodhaWaSeva

Ihamishe.

#44 MwanaKisauni

Usiihamishe. Toa zile namba nne kwenye faili, weka kwenye repo.

#45 MzeeLikoni

Mwendee kwanza yule wa Marikiti. Nenda asubuhi, mchana duka linajaa.